Mesaji Yenye Inangojea Mutu

Mimi si mutu ya kuvumilia maulizo. Bwana yangu anajua, batoto yangu banajua, na ile mashine ya kukagua programu, yenye tuliweka ku bureau, ofisi yetu, mwaka jana, nayo ilikuja kujua. Tunaiita Mukaguzi. Kazi yake ni hii: kila mara moja wetu anabadilisha kitu mu programu, ata mustari moja, Mukaguzi anasoma wa kwanza, anaandika pembeni makosa yenye anaona, anauliza, anatoa shauri. Kisha mutu mwingine wa bureau anasoma naye, anakubali. Bila bale babili, mashine na mutu, hakuna kitu inaingia. Ile sheria niliiweka mimi mwenyewe, na inanisumbua mimi kuliko bote.

Juu Mukaguzi iko na heshima mingi, na anasema Kiswahili ya Tanzania. "Tafadhali, naomba ufafanuzi kuhusu mstari huu." Ufafanuzi, mwenzangu. Mu muji muzima ya Butembo nani amekwisha kuomba ufafanuzi? Namujibu kifupi: "Ni sawa vile." Yeye anarudia: "Nashukuru. Je, ni sawa kwa sababu gani?" Bon, mutu kama huyo unamufanya nini? Huwezi ata kumunyima chai.

Ku bureau tuko batu batatu, chumba ya juu, chini yetu banauzisha vitenge. Mimi Anne-Marie njo mukubwa. Keren alikuwa amezaa, iko nyumbani na mutoto. Donc ile wakati tulibakia babili, mimi na Phinées. Phinées ni mutu wa Beni, kartiye, ni kusema mutaa, ya Bungulu, mupole, mu-protestant wa kweli, na anasoma kila kitu paka mwisho. Mimi mukatoliki namuchokoza: "Papa Phinées, nyiye munasoma ata majina ya babu za babu mu Biblia. Siye, padiri anatusomea, tunasema amina, tunarudi nyumbani." Anacheka kidogo, anaendelea kusoma. Sijaona siku moja akikubali kitu yenye hakusoma.

Programu yetu inatumikia mutualité moja ya jamaa, chama ya kusaidiana, batu ya Butembo, Beni, na bale balienda kutafuta maisha kule Manguredjipa. Ndoa, mutoto amezaliwa, mukutano, salongo ya kutumika kazi pamoja: katibu anaandika, mesaji inafika ku simu ya bote mara moja. Lakini kifo ni neno lingine. Kwetu kifo haitumwi na simu. Mama hapana kumupigia akiwa peke yake, ao sokoni, ao mu shamba, na kumuambia mutoto yake amekufa. Batu banamufuata kwake. Banaketi naye, banamushika mukono, mutu mukubwa anasema. Kama mutu iko mbali na lazima aje, banamupigia tu: "Fulani ni mugonjwa sana, kuja." Yeye anajua. Bale banamupigia banajua kama anajua. Na hakuna mutu anasema ile neno. Yeye anapanda gari, anakuja.

Njo maana mu programu, habari ya kifo inaenda kwanza kwa babebaji peke yao. Babebaji ni batu bakubwa ba kartiye, bale banakubali ile kazi ya kwenda kuketi na familia. Bakisha kuketi, moja wao anafinya ku simu yake neno "Tumefika", na njo mesaji inatoka kwa bote. Mbele ya hapo inangoja. Ile kipande niliandika mimi, na pembeni yake sikuandika sababu ata moja. Nani anaandika sababu ya kitu yenye kila mutoto wa kwetu anajua? Ingekuwa kama kuandika ku mulango kama batu banaingia na miguu.

Bon. Siku ya alhamisi, midi, saa sita ya muchana, inapita kidogo, simu yangu inalia. Ni Mama Jokébed, shemasi wa kanisa kule Bungulu, mubebaji wetu wa siku mingi.

"Mama Anne-Marie, uko peke yako?"

Phinées alikuwa mbele yangu, meza kwa meza, anamenya ndizi.

"Hapana," nikasema.

"Basi sikia tu, usijibu. Lusenge wa Koko Rébecca ametuacha, leo asubui, kule Manguredjipa. Tumbo ilimushika gafula. Siméon, katibu wao, ameandika, na mimi nimepata."

Lusenge wa Koko Rébecca ni yaya ya Phinées, kaka yake mukubwa, na ule Koko njo mama yao. Mama moja, baba moja. Ni yeye alimulipia masomo kwa faida ya biashara yake ya nguo kule ku bachimba-zahabu. Nikatazama dirisha, juu nikimutazama Phinées sura yangu itasema yote. Mimi uso wangu haijui kufunga mulango.

Mama Jokébed akaendelea. Alikuwa mbali mu mashamba ya kakao, mvua iliharibu njia, pikipiki inapita kwa taabu. Yeye na pasteur bangefika kwa Koko saa nane ao saa tisa. Koko iko peke yake nyumbani. "Lakini hakuna shida," akasema, "mashine yenu inajua kungoja."

"Inajua," nikajibu. Nikakata simu na nikafungua écran ya kompyuta yangu kuangalia kama Siméon aliandika muzuri.

Mesaji ilikuwa pale, inangoja, jina ya Lusenge juu yake. Na chini yake kulikuwa maneno yenye haikupaswa kuwa pale: Itatumwa kwa wote saa saba. Saa yangu ilikuwa saa sita na nusu.

Nilisoma tena. Mesaji ya kifo haina saa. Inangoja mutu, haingoje saa. Nikatafuta mu historia nani aligusa ile kipande, na nikaona. Juma yenye ilipita, wakati nilikuwa nimelala na homa, Mukaguzi alikuwa anapitia ile sehemu na akaandika: "Ujumbe huu husubiri bila kikomo. Ikiwa hakuna atakayethibitisha, hautatumwa kamwe. Napendekeza kikomo cha saa moja." Na chini yake, Phinées: "Ni kweli, asante." Aliweka kikomo, Keren akakubali, ilikuwa siku yake ya mwisho mbele ya kwenda kuzaa.

Hasira ilinipanda paka ku masikio. Nilikasirikia mashine, kisha Phinées, kisha Keren na tumbo yake. Na mbaya zaidi, shauri ilikuwa ya akili. Ingekuwa mesaji ingine yote, mimi mwenyewe ningesema asante.

Sasa fikiri Koko Rébecca. Macho yake imechoka, hasomi tena. Phinées alimununulia simu moja yenye inasoma mesaji kwa sauti, akaitengeneza yeye mwenyewe, na Koko anaiweka mu mufuko ya kikwembe, kitenge yake ya kujifunga, kutwa muzima. Saa saba ile simu ingefungua kinywa, mu ile sauti yake ya bibi wa radio, na kumuambia kama Lusenge amekufa. Mama wa miaka sabini na kitu, peke yake mu lupango, kiwanja ya nyumba yake. Nyamuhanga, Mungu wetu, nilisema mu roho, isifanyike hivi na kazi ya mikono yangu.

Nikapigia Siméon afute. Réseau ya simu kule Manguredjipa ilikuwa imekwisha kwenda, vile inaendaka. Kupigia Koko, nimuambie nini? Zima simu yako? Mama wa batoto bakubwa, wenye bako mbali, umuambie azime simu, amekwisha kuelewa, na iko peke yake. Kupigia jirani ni kuambia Bungulu muzima. Kuzima mashine yote yenye inatuma mesaji, ile tunapanga kwa batu ya inje, maneno ya siri ya kuizima iko kwa Phinées. Kubadilisha programu, inahitaji Mukaguzi asome na mutu wa pili akubali, na mutu wa pili ni Phinées. Kila njia ilipita ku ile meza ya mbele yangu, na Phinées alikuwa anakula ndizi yake polepole.

Nikaanza kuandika. Kutoa kikomo ni mustari moja tu, nikautoa, nikatuma. Mukaguzi akajibu mbio, na alama nyekundu: "Badiliko hili linarudisha kasoro iliyokwisha kurekebishwa. Naomba ueleze sababu."

"Ni desturi," nikaandika.

"Nashukuru. Ujumbe wa ndoa na wa kuzaliwa hutumwa papo hapo. Je, desturi hii inahusu nini hasa, na kwa nini isiwe na kikomo?"

Niliweka kiganja ku meza kwa nguvu. Phinées akainua kichwa.

"Mukaguzi?" akauliza.

"Mukaguzi."

"Mujibu tu, cheffe. Anatakaka kueleweshwa, njo vile bamemuumba."

Akarudi ku ndizi yake. Na mimi, na ile hasira yote, nikaona kama iko na haki. Ile mashine haina mama. Hakuna mutu alimuketisha siku moja na kumushika mukono. Ingejua wapi? Ingesoma wapi, wakati mimi sikuandika? Nikavuta pumzi na nikaandika, si Kiswahili ya Tanzania, Kiswahili yangu:

"Sikia. Hii mesaji ni ya kifo. Inangoja juu kwetu mama hasikii kifo ya mutoto yake na simu. Anasikia na mutu, ameketi, ameshikwa mukono. Kama mutu hajafika, mesaji haina haki ya kufika. Ata ingoje siku muzima, ata mbili, juu njia ni mubaya ao kuko vita, ile haiko kosa. Kosa ni kutangulia mutu."

Mukaguzi akajibu:

"Nimeelewa, na asante kwa kunieleza. Pendekezo langu la awali halifai hapa. Nilichukua kusubiri huku kuwa hitilafu, kwa kuwa hakuna kilichonionyesha kwamba anayesubiriwa ni mtu. Napendekeza hivi: saa moja ikipita, wanachama wasitumiwe chochote, bali wabebaji wakumbushwe, na wengine walio karibu waombwe kusaidia. Pia, maelezo yako yabaki pembeni ya mistari hii, ili atakayekuja baadaye asiiondoe bila kujua."

Ilikuwa shauri ya muzuri kuliko yangu. Nikafanya vile, nikabandika maneno yangu pembeni vile yalikuwa, nikatuma tena. Alama ikakuwa ya kijani.

Ku meza ya Phinées, ordinateur, kompyuta yake, ikalia kidogo. Ilimuitia kazi ya mutu wa pili.

Akapanguza vidole, akavaa miwani. Nilitaka kumuambia: finya tu, usisome. Mais Phinées hafinye bila kusoma, na nikimuomba vile ataelewa mbio zaidi. Donc niliketi, mikono chini ya meza, na nikamutazama anasoma. Alisoma ile mustari yenye nilitoa. Akaona jina yake, juu ni yeye alikuwa ameuweka. Akaendelea. Alisoma maulizo ya Mukaguzi. Kisha alifika ku maneno yangu, na nikaona macho yake inaenda, inarudi, inaenda tena.

"Cheffe," akasema, hana kugeuka. "Iko haraka?"

"Iko haraka, Papa Phinées."

"Ya leo?"

"Ya leo."

Mesaji yenyewe ilikuwa pale pale mu mashine. Alikuwa na haki ya kuifungua, kufinya mara mbili tu, na kusoma jina. Aliweka mukono ku souris ya ordinateur, akauacha pale. Kisha akachukua simu yake ku meza, akaizima, akaiweka mu mufuko. Akakubali badiliko. Ku écran yangu ile "saa saba" ikatoka, na chini ya jina ya Lusenge ikaandikwa: Inangoja.

Hapo nikasimama, nikazunguka meza, na nikasema vile banasemaka:

"Papa Phinées, yaya yako Lusenge ni mugonjwa. Lazima twende Beni kwa mama."

"Mugonjwa," akasema.

"Mugonjwa sana."

Akatoa miwani, akaikunja muzuri, akatafuta boîte, kisanduku yake ya miwani. Hakuuliza kwa nini mugonjwa iko Manguredjipa na sisi tunaenda Beni. "Twende, cheffe," akasema.

Tulichukua taxi peke yetu, nililipa nafasi zote ili batu basiingie na maulizo. Phinées aliketi mbele. Tulipita kijiji ya Maboya. Ku barrière, kizuizi ya barabara, mwanajeshi alitazama sura yake na akatupitisha bila neno. Kushuka mulima ya Kabasha, joto ya Beni inaanza kupanda, nikatoa sweta, na yeye akaanza kusema.

"Ile kikomo ni mimi niliweka."

"Mashine ilikushauri."

"Mashine ilikuwa haijui. Mimi najua. Nilisoma paka mwisho, cheffe, na sikuona kama ni ya kifo. Niliona tu mesaji yenye haitoki." Akageuza ile boîte ya miwani mu mikono. "Nilifikiria kule Butembo, mutu wa kufinya iko karibu, saa moja inatosha. Sikumufikiria mama."

"Sikuandika sababu," nikasema. "Mutu hawezi kuona kitu yenye haiko."

"Sasa iko."

Kisha akanieleza vile Lusenge anapenda samaki ya kuvukiza, vile anachekaka peke yake mbele ya kumaliza hadisi, vile atakuja ku Noeli. Anapenda, anacheka, atakuja. Nilikuwa najibu "ndiyo" na "kweli", na roho yangu ilikuwa inauma sana. Nilitaka kumushika bega, lakini alikuwa kiti ya mbele, na shoferi alikuwa pale, na mimi si mama yake wala dada yake. Nilimuacha aseme.

Tulifika Bungulu, Mama Jokébed na pasteur banashuka ku pikipiki, matope paka ku magoti. Tuliingia pamoja. Koko Rébecca alikuwa mu lupango, anageuza kakao yake ku bâche, turubai ya kukaushia, na mukono. Aliinua kichwa, akaona sura zetu moja kwa moja, na mukono yake ikasimama mu kakao.

"Koko, keti na siye," Mama Jokébed akasema.

"Nikiketi mutaniambia," Koko akajibu.

Aligeuza kakao kidogo tena, ile ya pembeni, paka ikakuwa sawa. Kisha akapanguza mikono ku kikwembe na akaketi ku mukeka. Mama Jokébed akaketi kuume, pasteur kushoto, bakamushika. Pasteur alisema. Alisema jina ya Lusenge yote, na fasi, na siku. Koko alijiinamisha paka kichwa yake ikagusa magoti, na akalia na sauti ya chini, sauti ya mutu yenye anaongea na mutu wa karibu. Tulimuacha alie. Nyuma ya wakati murefu Mama Jokébed alifinya simu yake, na simu zikaanza kulia mu nyumba za jirani, mu mufuko yangu, mu kikwembe ya Koko, yenye Mama Jokébed aliitoa mbio na kuizima. Banamama bakaanza kuingia na mikeka yao.

Phinées alikuwa bado amesimama ku mulango, boîte ya miwani mu mukono. Alikuwa anapokea batu, anabaonyesha fasi ya kuketi, anatafuta viti vya bazee. Macho yake ilikuwa kavu. Mimi nilisema mu roho: mwanaume mwenye nguvu.

Koko aliinua kichwa, akamutafuta.

"Phinées. Weye, nani alikuambia?"

Alitazama chini. "Hakuna mutu, mama."

"Hakuna mutu alikuketisha?"

"Hapana."

Haya ilinishika, ninasema vile iko. Mama nilimukinga na maarifa yangu yote, na mutoto nilimuacha asome peke yake ku écran, mbele ya macho yangu. Na nilikuwa mita moja tu na yeye.

Koko akasogea ku mukeka, akapiga fasi ya pembeni yake na kiganja. "Kuja hapa. Keti."

Phinées, baba ya batoto bane, mwenye mvi mu ndevu, akaweka boîte chini na akaketi. Koko akamushika mikono yote mbili. Akasema polepole, akimutazama, kama mutu yenye ametoka mbali na habari:

"Phinées, mutoto yangu. Yaya yako Lusenge amekufa. Amekufa leo asubui, kule Manguredjipa. Niko hapa na weye."

Njo hapo Phinées alilia, na mama yake hakuachia mikono yake paka giza ikaingia.